Luigi Broglio: Mwitaliano aliyerusha 'Uhuru' kutoka Ngomeni

PROFESA Luigi Broglio alizaliwa Mestre, karibu na Venice nchini Italia, Novemba 11, 1911. Alikuwa mhandisi, afisa wa jeshi la anga na mhadhiri wa chuo kikuu mjini Roma. Jina lake huenda lingalibaki la Waitaliano pekee kama asingalikuja Kenya kutafuta ikweta.

Hoja yake ilikuwa nyepesi. Uso wa dunia huenda kasi zaidi kwenye ikweta, hivyo roketi inayorushwa huko kuelekea mashariki hupata msukumo wa bure. Isitoshe, setilaiti inayozunguka juu ya ikweta hukwepa sehemu kubwa ya chembe za mnururisho ambazo huvuruga vipimo. Broglio alisimamisha majukwaa baharini karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Mojawapo, Santa Rita, lilikuwa la kuchimbia mafuta. Setilaiti ya kwanza kuruka hapo, San Marco 2, iliondoka Aprili 26, 1967.

Siku iliyompa nafasi katika historia ya sayansi ni Desemba 12, 1970. Kikosi chake kilirusha setilaiti ya Shirika la Anga la Marekani (NASA) ya kuchunguza eksirei zitokazo angani, ya kwanza ya aina hiyo duniani. Kwa kuwa Kenya ilikuwa ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, ikaitwa Uhuru. Katika mizunguko yake, ikitoka magharibi, ilipita anga ya Ziwa Victoria, Homa Bay na Migori, wakati huo Wilaya ya South Nyanza, kabla ya kurejea pwani ilikotoka.

Machi na Aprili 1971, Uhuru ilibaini kwamba Cygnus X-1, chanzo cha eksirei kilichojulikana tangu 1964, kimebadilika: eksirei zake za nishati ndogo zilikuwa zimepungua mno. Wakati uo huo, darubini za redio Marekani na Uholanzi zikanasa mawimbi mahali ambapo awali hayakuonekana.

Mawimbi hayo yaliwaelekeza wataalamu kwenye nyota inayozungukana na kitu kizito kisichoonekana: shimo jeusi. Shimo hilo huvuta gesi ya nyota jirani yake. Gesi haitumbukii moja kwa moja. Huzunguka kama maji kwenye tundu la beseni, ikasuguana na kupata joto la mamilioni ya nyuzi hadi ikatoa eksirei. Sehemu yake hufoka nje kama mkondo mwembamba, na huo ndio unaotoa mawimbi ya redio. Mlo ukibadilika, mkondo nao huwaka au hufifia. Dalili ya kwanza ya uhusiano huo, ambao wataalamu wangali wanauchambua, ilipatikana kwa setilaiti iliyorushwa Kenya.

Riccardo Giacconi, aliyeongoza watafiti wa Uhuru, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002, na alistahili. Aliyeirusha hutajwa kwa nadra, na Ngomeni kwa nadra zaidi. Majukwaa yale hayajarusha setilaiti tangu Machi 1988, ingawa kituo cha nchi kavu sasa kina jina la Broglio.

Alifariki Januari 14, 2001. Mwaka huo huo, watafiti walichapisha picha ya redio ya mkondo wenyewe wa Cygnus X-1.