Ramazzini na Moshi wa Webuye

Uendapo kwa tabibu, iwe Kitale au Bungoma, je, huulizwa unafanya kazi gani? Swali hilo dogo twalirithi kwa Bernardino Ramazzini, tabibu Mtaliano aliyezaliwa Carpi tarehe 4 Oktoba 1633.

Akiwa Modena, alimwona mzoa kinyesi aliyekuja nyumbani mwake akifanya kazi mbiombio. Alipomdadisi, alielezwa kuwa kukawia shimoni huharibu macho. Tangu hapo msomi huyu aliingia karakana baada ya karakana bila kuona haya: kwa wafinyanzi waliotetemeshwa mikono na madini ya risasi, kwa wapakaji dhahabu waliovuta mvuke wa zebaki, kwa watengenezaji kemikali. Mwaka 1700 alichapisha kwa Kilatini kitabu juu ya maradhi ya wafanyakazi, akiwasihi matabibu wasisahau kuuliza kazi ya mgonjwa.

Kisa kimoja cha kitabuni humo chatuhusu mno. Mjini Finale, mkazi mmoja alimshtaki mwenye kiwanda cha kemikali za zebaki, akidai moshi wake wawadhuru majirani. Alileta ushahidi wa daktari pamoja na daftari la vifo la parokia, lililoonyesha kuwa waliokaa karibu na kiwanda walikufa wengi kuliko wa kwingineko. Mwenye kiwanda alishinda kesi!

Wakazi wa Webuye hawatashangaa. Tangu 1974 hadi 2009 kiwanda cha karatasi cha Pan Paper kilitanda harufu ya mayai viza, na watu wakalalamikia vifua vyao na mabati yaliyoliwa na kutu upesi. Kweli, kiwanda kililisha maelfu, na kufungwa kwake kuliwaumiza wengi. Lakini saratani itokanayo na kemikali yaweza kujificha miaka 20 na zaidi. Kibarua wa jana wa Webuye huenda leo analima mahindi Kitale, akinyunyiza dawa ya magugu bila glavu. Akiugua, kadi yake yaweza kuandikwa umri na kijiji basi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini tunayo tangu 2007; daftari mfano wa lile la Finale li wapi? Hospitali zetu na ziandike kazi ya mgonjwa, ya sasa na ya zamani, na ya marehemu vilevile. Gharama yake ni wino tu.

Ramazzini alifundisha Padua hadi alipofariki tarehe 5 Novemba 1714, akiwa na miaka 81, macho yake yakiwa karibu kupofuka.