Niliyemwapiza Bila ya Kumjua Jina

Mwezi wa Novemba 2025 ilipotufikia habari kuwa Dharmendra amefariki huko Mumbai akiwa na umri wa miaka 89, barazani kwetu Lamu mazungumzo yaligeuka senema za zamani. Mmoja alimtaja Sanjeev Kumar, yule bwana aliyekatwa mikono katika Sholay, ambaye aliaga dunia mwaka 1985 akiwa na miaka 47 tu. Mwengine alimkumbuka A. K. Hangal aliyecheza imamu kipofu, akaishi hadi mwaka 2012. Mimi nilinyamaza. Nilikuwa nikimfikiria mwengine wa senema ile ile, mtu ambaye nina deni lake tangu utoto.

Ilikuwa mwaka 1982, nami ni mtoto wa miaka kumi na moja ningali chuoni. Ami yangu alinichukua mtaa wa Langoni, katika nyumba iliyokuwa na video. Tukatoa senti zetu mlangoni, tukaketi mkekani. Sholay ilikuwa imekwisha miaka saba tangu itolewe India tarehe 15 Agosti 1975, lakini kwetu sisi ilikuwa mpya. Kihindi hatukukijua. Ami alitufasiria, na pale asipofahamu alitunga yake.

Jambazi Gabbar Singh alipomuua kijana Ahmed, mwana wa yule imamu kipofu, na maiti ikarudi kijijini juu ya farasi, nyumba nzima ilizizima. Mzee wa watu amesimama hajui mbona pamekuwa kimya. Kisha husikia adhana, akashika njia ya msikitini. Nasi mtaani kwetu tulikuwa na mzee asiyeona, tukimshika mkono kwenda kusali. Usiku ule niliinua mikono nikamwombea Gabbar mauti mabaya.

Kesho yake nilijisifu kwa wenzangu, na mwalimu wetu akasikia. Hakunichapa. Aliniuliza mtu huyo ni nani, nikamjibu kuwa ni Gabbar. Akasema hilo ni jina la mchezo tu, akataka jina alilopewa na wazazi wake. Sikuwa nalo. Akaniambia nimemwapiza mtu nisiyemjua, basi nilitafute jina lake nimpelekee.

Miaka kumi ikapita. Nilikuwa kijana wa kazi Mombasa niliposoma gazetini kuwa yule Gabbar wa Sholay amefariki tarehe 27 Julai 1992 kwa maradhi ya moyo, naye ana miaka 51. Jina lake Amjad Khan. Nilisimama pale pale njiani. Kumbe ni Mwislamu mwenzangu.

Tangu siku hiyo nilianza kuyaokota maisha yake. Alizaliwa mwaka 1940 katika ukoo wa Kipathani wenye asili ya Peshawar. Babake alikuwa mchezaji senema akijulikana kwa jina la Jayant, na Amjad mwenyewe alionekana katika senema tangu utoto wake, miaka ya 1950. Baadaye alicheza michezo ya jukwaani, akawa msaidizi wa mwongozaji K. Asif. Mwaka 1972 alimwoa Shaila, bintiye Akhtar ul-Iman, malenga mkubwa wa Kiurdu.

Jina la babake halikumletea mali. Mwanawe Shadaab amesimulia kuwa alipozaliwa yeye, mwezi wa Septemba 1973, babake hakuwa na rupia 400 za kumtolea mkewe hospitali, akaona haya hata ya kwenda kuwatazama, mpaka mwongozaji Chetan Anand alipompa. Na siku hiyo hiyo ya kuzaliwa mtoto ndiyo aliyotia saini ya kucheza Sholay.

Hata nafasi ile haikuwa yake. Aliyekusudiwa ni Danny Denzongpa, ila alikuwa Afghanistan akicheza senema nyengine. Amjad alijitayarisha, akasoma kitabu cha Taroon Kumar Bhaduri kuhusu majambazi wa bonde la Chambal. Walipoanza kazi huko Ramanagara, karibu na Bangalore, siku za mwanzo alishindwa. Walisema sauti yake nyembamba mno kwa jambazi, na kuna waliotaka abadilishwe. Mwongozaji Ramesh Sippy akamshikilia.

Babake, aliyekuwa mgonjwa wa saratani, alifariki tarehe 2 Juni 1975. Miezi miwili na siku kidogo baadaye Sholay ikatoka, ikachezwa zaidi ya miaka mitano katika jumba moja la Bombay. Sauti ile ile nyembamba ikashikwa na watoto wa India nzima, hata wenye biskuti wakamweka Gabbar katika tangazo lao. Mzee Jayant hakuidiriki siku hiyo ya mwanawe.

Mwaka uliofuata, 1976, Amjad alipata ajali mbaya ya gari akiwa njiani kwenda Goa kucheza The Great Gambler. Mbavu zilivunjika na pafu likatoboka. Alipona, lakini dawa na kulala kitandani vilimnenepesha, na uzito ule haukumtoka tena. Hata hivyo alifanya kazi. Mwaka 1977, katika senema ya Satyajit Ray, alikuwa Nawabu Wajid Ali Shah, mfalme mshairi aliyenyang'anywa ufalme na Waingereza. Aliongoza pia chama cha wachezaji, akiwapatanisha wao na wenye senema. Wenziwe wanamkumbuka kwa ucheshi, na kwa chai isiyomtoka mkononi.

Basi hesabu, msomaji. Usiku ule wa 1982 nilipomwombea mabaya, mja huyu wa Mungu alikuwa ana miaka sita akiubeba mwili uliovunjika.

Nilirudi Lamu mwaka ule ule wa 1992, nikavuka daraja la Kilifi lililokuwa na mwaka mmoja tu tangu lifunguliwe, nikampelekea mwalimu jina. Alifurahi. Kisha akauliza, ni Amjad bin nani? Kwani katika hitima maiti hutajwa pamoja na babake. Sikujua. Akaniambia kazi yangu imefika nusu.

Jina la Jayant nililipata baadaye, lakini hilo nalo lilikuwa jina la mchezo. Nilipokuja kujua jina lake hasa, mwalimu wangu alikuwa amekwisha kutangulia mbele ya haki.

Jioni ile ya Novemba, kabla ya magharibi, niliwaeleza wenzangu wa barazani habari hii yote. Wakanyamaza kidogo. Kisha mkubwa wetu akaniuliza lile lile aliloniuliza mwalimu. Nikamjibu: Amjad bin Zakaria. Tukainua mikono, tukamsomea Fatiha.