Hevesy, jamaa aliyekamata kiporo kwa mionzi

Wadau, siku hizi kuna kipimo cha saratani ya tezi dume kinaitwa PSMA PET. Mzee anadungwa dawa yenye mionzi kidogo, inanasa kwenye seli za saratani, na mashine inaonyesha ziliko, hata zikiwa zimeshafika mifupani. Wazo la kufuatilia kitu kwa mionzi lilianzishwa na George de Hevesy, aliyezaliwa Budapest mwaka 1885.

Inasimuliwa kwamba akiwa Manchester alihisi mama mwenye nyumba anawalisha viporo. Akatia mionzi kwenye chakula alichobakiza, halafu akapima mlo uliofuata. Kumbe kweli bwana! Mwaka 1923 akafuatilia madini ya risasi ndani ya mmea wa maharage.

Ila mimi nampendea hili. Mwaka 1940 Wanazi waliingia Copenhagen, na kwenye maabara ya Bohr alikofanya kazi kulikuwa na medali za Nobel za Laue na Franck. Kutoa dhahabu Ujerumani lilikuwa kosa kubwa, na majina yamechorwa palepale! Hevesy akaziyeyusha kwenye asidi, chupa ikabaki kwenye shelfu. Wakapekua wee, wakaipita. Mwaka 1943 yeye mwenyewe, mwenye asili ya Kiyahudi, akakimbilia Sweden. Nobel ya Kemia ya mwaka huohuo ikawa yake. Vita ilipoisha akaikuta chupa yake, dhahabu ikatolewa na medali zikatengenezwa upya. Alifariki 1966.