Kapteni Joshua Slocum, Aliyezunguka Dunia Peke Yake

Watu waliozunguka dunia kwa vyombo vya tanga ni wengi, na habari zao twazisoma katika vitabu vya historia: mabaharia wa Magellan, Drake, Cook na wengineo. Lakini wote hao walikuwa na wenzao chomboni. Mmoja alishika usukani, wa pili alipanda mlingotini kuangaza mbele, na wa tatu alilala akingoja zamu yake. Mtu wa kwanza kuizunguka dunia bila mwenzake hata mmoja ni Kapteni Joshua Slocum, na kila asomaye habari zake hapana budi ajiulize swali moja: alipolala yeye, ni nani aliyeangalia?

Alizaliwa tarehe 20 Februari 1844 huko Nova Scotia, nchi ya pwani ambayo sasa ni jimbo la Kanada. Baba yake alikuwa mkulima, kisha akawa fundi wa viatu katika kisiwa cha Brier. Mzee huyo alikuwa mkali sana. Alimtoa Joshua shuleni akiwa mtoto bado, akamketisha kibandani kushona viatu, na dirishani mtoto akiona matanga yakipita. Alipokuwa na miaka 14 alitoroka, akaajiriwa kuwa mpishi katika jahazi la wavuvi. Wavuvi walipoonja pudini yake ya kwanza wakamfukuza kazi siku hiyo hiyo. (Wapishi wa shule za bweni wana bahati kwamba wanafunzi hawana mamlaka ya namna hiyo.) Mama yake alifariki mwaka 1860, na baada ya hapo Joshua aliondoka nyumbani moja kwa moja, akawa baharia.

Alipanda cheo upesi. Kabla hajatimiza miaka 30 alikuwa nahodha, raia wa Marekani, naye amemwoa Virginia Walker katika mji wa Sydney, Australia, mwaka 1871. Virginia alisafiri naye kila aendako, na watoto wao walizaliwa na kulelewa merikebuni. Mwaka 1884 Virginia alifariki wakiwa Buenos Aires. Wanawe walisema baadaye kwamba baba yao hakuwa tena mtu yule waliyemjua. Alioa mara ya pili, lakini merikebu yake Aquidneck ikavunjika katika fungu la mchanga pwani ya Brazil mwaka 1887. Wengine wangaliomba nauli ya kurudi kwao. Slocum aliunda mashua kwa mbao za huko, akaishusha majini tarehe 13 Mei 1888, siku ile ile watumwa wa Brazil walipopewa uhuru wao. Kwa hiyo akaiita Liberdade, maana yake Uhuru, akamchukua mkewe na wanawe wawili, wakasafiri maili 5,500 mpaka Marekani.

Alipofika alikuta dunia imegeuka. Meli za moshi zilikuwa zimechukua kazi za merikebu za tanga, na nahodha wa tanga hakutakiwa tena. Mwaka 1892 rafiki yake mmoja, nahodha wa zamani, akamwambia atampa chombo bure. Slocum alikwenda Fairhaven katika jimbo la Massachusetts, akakiona: mashua kuukuu iitwayo Spray, imewekwa shambani mbali na maji, imefunikwa turubai. Majirani walicheka. Yeye akakata mwaloni kwa shoka lake mwenyewe, akauchonga kuwa mkuku, akabadilisha ubao mmoja baada ya mwingine kwa muda wa miezi 13, hata ikawa mashua mpya yenye jina la kale. Gharama ilikuwa dola 553 na senti 62. Urefu wake ulikuwa futi 36 na inchi 9, na upana futi 14 na inchi 2.

Tarehe 24 Aprili 1895 aliondoka Boston, mtu wa miaka 51, asiyejua kuogelea. Saa yake ilikuwa ya bati, aliyoinunua kwa dola moja kwa sababu uso wake ulikuwa umepasuka. Katika ukungu wa Atlantiki upweke ulimwelemea, naye akawa anatoa amri kwa sauti kubwa, kana kwamba kuna baharia penye usukani, ili asisahau kusema.

Hapa ndipo tutazame jinsi mashua ile ilivyokwenda. Spray ilikuwa na mkuku mrefu, na matanga yake yaliweza kupangwa hata yakapatana na usukani. Slocum alipokwisha kuyapanga aliufunga usukani kwa kamba. Mashua ikitaka kugeukia upepo, matanga yenyewe huirudisha. Ikitaka kuukimbia, hurudishwa vile vile. Basi nahodha aliweza kupika, kusoma vitabu na kulala usingizi. Karibu na visiwa vya Azores alikula plamu na jibini kupita kiasi, akashikwa na tumbo, akaanguka chini hajitambui. Katika homa yake aliona mtu mrefu amesimama penye usukani, akidai kuwa rubani wa Pinta, mojawapo ya merikebu za Columbus. Asubuhi alipopata fahamu alikuta mashua imekwenda maili 90 katika dhoruba bila kuiacha njia yake.

Huko Gibraltar maofisa wa Kiingereza walimshauri asipite Bahari ya Kati, kwa kuwa palikuwa na maharamia. Kama si shauri hilo angalipita Suez na Bahari ya Shamu, akaingia Bahari ya Hindi upande wetu. Akageuka, akavuka Atlantiki tena kuelekea Brazil, na maharamia wakamfukuza hata hivyo pwani ya Moroko, mpaka tufani ikavunja mlingoti wao.

Mashua ijiendeshayo ni jambo la ajabu, lakini haina macho. Slocum alilijua hilo katika pwani ya Uruguay, Desemba 1895. Alikuwa akienda karibu mno na nchi kavu usiku, na mbalamwezi ikamdanganya juu ya vilima vya mchanga. Spray ikapanda ufukoni. Alipojaribu kupeleka nanga kwa kidau kibovu, kidau kikapinduka mara tatu, naye hajui kuogelea. Alipofika pwani alilala kidogo, akaamshwa na kishindo: kijana mmoja juu ya farasi ameona mashua isiyo na mwenyewe, amekwisha kuifunga kamba aikokote nyumbani kwao!

Katika mlango wa bahari wa Magellan, mwanzoni mwa 1896, hatari ilikuwa watu. Nahodha mmoja wa Punta Arenas alimpa mfuko wa misumari midogo ya kupigilia mazulia, akamwonya asiikanyage mwenyewe. Usiku Slocum aliimwaga yote juu ya sitaha, akaingia ndani kulala. Watu walipopanda kimya kimya kwa miguu mitupu, walipiga yowe, wakajitupa wengine mitumbwini na wengine majini. Misumari ile ilikuwa ndiyo mlinzi wake. Mimi naona katika hadithi zake zote hii ndiyo inayomwonyesha vizuri zaidi. Hakudhani kwamba bahati itamlinda alalapo. Palipokuwa na watu karibu alitafuta kitu cha kukesha badala yake.

Lakini katika bahari kuu hakumwaga misumari. Alipita Samoa na Australia, na katikati ya 1897 alitoka kisiwa cha Thursday, kaskazini ya Australia, akavuka sehemu ya Bahari ya Hindi mpaka visiwa vya Keeling. Ni maili 2,700, nazo zilimchukua siku 23. Katika siku hizo zote hakushika usukani zaidi ya saa tatu, pamoja na muda wa kuingia bandarini.

Nilipowasimulia wenzangu bwenini habari hii, walio wengi walimsifu. Mmoja, ambaye nyumbani kwao ni visiwani, hakusifu. Alisema kwamba mtu huyu alilala njiani, na njia si yake peke yake. Tulibishana mpaka taa zikazimwa. Nami baadaye nilipiga hesabu. Meli iendayo maili 20 kwa saa hukata maili 5 katika robo saa. Mtu aketiye katika mashua ndogo, macho yake yakiwa futi chache tu juu ya maji, huiona meli ikiwa imebakiza maili chache. Maana yake ni kwamba akilala saa moja, meli ambayo hakuiona kabisa alipofumba macho yaweza kumfikia, kumpitia na kutoweka kabla hajaamka. Meli za wakati wa Slocum zilikuwa za polepole kuliko hizo, nazo zilikuwa chache katika njia aliyopita, lakini hesabu ni ile ile.

Sheria nayo iko upande wa yule wa visiwani. Kanuni za kimataifa za kuzuia vyombo visigongane baharini, zilizotungwa mwaka 1972, zinaagiza katika kanuni ya 5 kwamba kila chombo, wakati wote, kiwe na uangalizi unaofaa kwa macho, kwa masikio na kwa kila njia iliyopo. Hazikumtoa mtu asafiriye peke yake. Siku hizi wasafiri wa namna hiyo hutega kengele iwaamshe kila baada ya muda mfupi, watazame pande zote, kisha walale tena; hata hivyo wanasheria wa bahari husema kwamba hilo halitoshi. Kwetu Muleba jambo hili si la vitabuni. Wavuvi wa dagaa hutoka usiku wa giza, mwezi usipokuwapo, na taa zao twaziona zimetapakaa ziwani kama mji. Baba au kaka wa mwanafunzi fulani yumo katika mtumbwi ule. Taa yake yaonekana mbali, lakini taa humfaa tu ikiwa katika chombo kinachokuja kuna mtu aliye macho.

Sasa nifike Durban, ambako Slocum alitia nanga mwezi Novemba 1897, baada ya kupita Rodrigues na Mauritius. Huko alikutana na mtu ambaye jina lake watu wa mwambao wetu hawana haja ya kuelezwa. Ni Henry Stanley, aliyelizunguka Ziwa Victoria kwa mashua yake Lady Alice mwaka 1875, akagombana na watu wa Bumbire mwezi Aprili, akarudi mwezi Agosti na bunduki, akawaua wengi. Stanley alimtazama Slocum toka juu hata chini, akamwuliza kama mashua yake ina vyumba visivyopitisha maji, na itakuwaje ikigonga mwamba. Slocum alijibu kwamba vyumba havitaisaidia mashua iliyogonga mwamba. Kazi ya nahodha ni kuiweka mbali na miamba. Stanley alinyamaza kidogo, kisha akauliza itakuwaje basi ikichomwa na samaki mwenye upanga. Jibu lile la kwanza nimelifikiri sana. Ni jibu la mtu aaminiye macho yake kuliko mbao zake, ingawa ni mtu yule yule aliyelala katika Bahari ya Hindi.

Kutoka Rasi ya Tumaini Jema alikwenda kwa gari moshi mpaka Pretoria, akapelekwa kwa Rais Kruger. Huyo aliamini kwamba dunia ni bapa, akamsahihisha aliyesema kwamba mgeni anaizunguka dunia. Slocum alifurahi sana kwa mazungumzo hayo.

Aliondoka Cape Town tarehe 26 Machi 1898. Katika kisiwa cha St. Helena alipewa mbuzi, naye mbuzi huyo akamtafuna ramani ya visiwa vya Karibi pamoja na kofia yake, hata ikabidi ashushwe kisiwa cha Ascension. Tarehe 14 Mei ilimjia kutoka nyuma manowari ya Marekani iitwayo Oregon, ikamwuliza kwa bendera kama ameona manowari zo zote. Vita vya Marekani na Hispania vilikuwa vimekwisha anza. Slocum alijibu kwamba hakuona, akaeleza baadaye kwamba hakuwa akizitafuta. Kisha akapendekeza kwa bendera vyombo viwili hivyo viandamane ili vilindane. Manowari haikujibu.

Tarehe 27 Juni 1898 alitia nanga Newport, Rhode Island, baada ya miaka mitatu na miezi miwili na maili 46,000. Kitabu alichokiandika kilitoka mwaka 1900, kikasomwa na wengi, naye akaweza kununua shamba katika kisiwa cha Martha's Vineyard. Kilimo hakikumkalia. Kila majira ya baridi yalipokaribia alishusha Spray, akaenda kusini kwenye visiwa vya joto. Mashua ilikuwa inazeeka pamoja naye, na waliomwona siku hizo walisema kwamba haitunzi tena kama zamani.

Novemba 1909, akiwa na miaka 65, aliondoka kisiwani kwake akielekea kusini. Hakuonekana tena, wala ubao mmoja wa Spray haukuokotwa. Mwanawe Victor, aliyekuwa baharia naye, hakukubali kwamba dhoruba ingaliweza kumshinda baba yake. Aliona kwamba yapata usiku meli ya moshi ilimkanyaga, na huenda walio juu yake hawakujua kwamba wamegonga kitu. Kama ndivyo, hatujui ni nani aliyekuwa amelala, ni yule mzee ndani ya Spray au ni mwangalizi wa meli, au wote wawili. Mkewe alingoja. Mwaka 1924 mahakama ilimhesabu kuwa alikufa siku ile aliyong'oa nanga, tarehe 14 Novemba 1909.