Tembo wa George Hurst na Sinia la Bibi

Nyumbani kwetu Ngokolo, Shinyanga mjini, kuna sinia la bati lenye picha ya kichwa cha tembo. Rangi imebanduka, sikio moja limekwisha kabisa, na kingo zimeliwa na kutu. Bibi huchambulia mchele humo. Tangu nipate akili sijawahi kuona sinia lile likibeba bia, ingawa kazi yake ya asili ni hiyo.

Babu akiliona tu, anaanza. Jioni akiwa kwenye benchi nje na wazee wenzake, huwaambia vijana wa bodaboda wanaosubiri abiria kwamba bia za siku hizi hazina ladha na bei zake zinaua. Zamani, anasema, msimu wa pamba ukifunguliwa, mtu mwenye marobota yake machache aliweza kunywesha meza nzima na bado akarudi nyumbani na kanga ya mke. Kisha humalizia na hadithi ya mzungu aliyetengeneza bia, akauawa na tembo, bia nayo ikapewa jina la mnyama aliyemuua. Nilipokuwa mdogo hadithi hiyo niliiweka fungu moja na zile za sungura na fisi.

Mwaka wa pili hapa chuoni, nikihangaika na kazi ya somo la historia, nikakutana na huyo mzungu kwenye kitabu. Kumbe alikuwepo kweli! Jina lake George Hurst. Basi, wanachuo wenzangu, naomba niwasimulie habari zake, halafu nirudi kwenye sinia la Bibi.

Hurst alikuwa mlowezi wa Kizungu katika Kenya ya miaka ya ishirini. Tuiweke sawa picha ya wakati ule. Mwaka 1920 Uingereza iliigeuza himaya yake ya Afrika Mashariki kuwa Koloni la Kenya. Reli kutoka Mombasa ilikuwa imefika Nairobi tangu 1899. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imekwisha, na serikali ya kikoloni ilikuwa ikiwagawia askari wa zamani wa Kizungu mashamba katika nyanda za juu, ardhi ambayo ilikuwa na wenyewe. Watu hao walikuja na tabia zao, na mojawapo ilikuwa bia. Tatizo ni kwamba bia ilitoka Ulaya kwa meli, ikashushwa Mombasa, ikapandishwa treni hadi Nairobi. Kila hatua iliongeza bei, na bia si kitu kinachopenda joto wala safari ndefu.

George na ndugu yake Charles wakaliona pengo hilo. Wakiwa pamoja na mwenzao, H. A. Dowding, wakasajili kampuni ya Kenya Breweries Desemba 1922. Kiwanda kikawekwa Ruaraka, sehemu ambayo wakati huo ilikuwa nje ya mji wa Nairobi na leo imemezwa na jiji. Mitambo iliagizwa Uingereza. Mwaka 1923 bia ya kwanza ikatoka, na kreti kumi za mwanzo zikapelekwa Hoteli ya Stanley, pale pale katikati ya Nairobi ambapo walowezi walikuwa wakikutana kunywa na kupanga mambo yao.

Kreti kumi, jamani. Siku hizi sherehe moja ya mahafali inazimaliza kabla ya keki kukatwa.

Kwa wasiojua, bia inaanza na shayiri. Punje zinalowekwa mpaka zichipue, kisha zinakaushwa ili kuchipua kusimame. Hicho ndicho kimea. Kimea kinasagwa na kuchanganywa na maji ya moto ili wanga wake ugeuke sukari. Maji hayo matamu yanachemshwa pamoja na hopsi, maua ya mmea mmoja wa Ulaya, nayo ndiyo huleta ule uchungu. Yakipoa inatiwa chachu, ambayo inaila ile sukari na kutoa kileo na povu. Hiyo ndiyo siri yote ya Ruaraka. Niliposoma hapo nilicheka mwenyewe maktabani, maana kazi ya kimea naifahamu tangu utoto. Bibi alikuwa akiloweka mtama, anaufunika kwa magunia mpaka uote, anauanika juani, anausaga. Hakuwahi kumsikia mtu anayeitwa Hurst, na hopsi hakuzihitaji.

Mwaka huohuo wa 1923, George Hurst alikwenda kuwinda tembo. Uwindaji huo kwa walowezi ulikuwa mchezo na biashara kwa pamoja, kwa sababu pembe zilikuwa na bei nzuri. Ni biashara ambayo hata sisi wa upande huu tunaijua: kabla ya reli, wapagazi wa Kinyamwezi na Kisukuma walitembea kutoka bara mpaka Bagamoyo na pembe mabegani. Safari hii tembo ndiye aliyeshinda. Hurst akauawa porini, kampuni yake ikiwa haijatimiza hata miaka miwili. Waliobaki wakaipa bia jina la Tusker, neno la Kiingereza linalomtaja tembo mwenye pembe kubwa, na kichwa cha tembo kikawekwa kwenye lebo.

Hapo ndipo Kiswahili chetu kinapofurahisha. Kwetu tembo ni mnyama, na tembo ni pombe ya mnazi. Wenzetu walihitaji msiba ili kuunganisha vitu hivyo viwili. Lugha yetu ilishaviunganisha zamani bila mtu kufa.

Maisha ya Hurst yanaishia hapo, lakini ya tembo wake ndiyo kwanza yalianza. Mwaka 1935 kampuni ilinunua kiwanda cha bia cha Tanganyika kilichokuwa Dar es Salaam, na mwaka uliofuata ikaitwa East African Breweries. Ila kuna jambo moja ambalo Babu halitaji kwenye hadithi yake. Kwa miaka mingi ya ukoloni, bia hiyo ya chupa Mwafrika hakuruhusiwa kuinywa. Sheria za vileo zilitenga kinywaji kwa rangi ya ngozi: mzungu ana chupa yake hotelini, Mwafrika ana pombe yake ya kienyeji, tena kwa kibali na kwa kukaguliwa. Marufuku hiyo ilianza kulegezwa baada ya Vita ya Pili ya Dunia. Kwa hiyo kizazi cha babu yangu ndicho cha kwanza kilichokua kikijua kwamba chupa ile inaweza kuwa yake. Nafikiri hiyo ni sehemu ya utamu anaoukumbuka. Mtu aliyeuza pamba yake akakaa mezani, akaletewa chupa ya baridi kwenye sinia, hakuwa anakunywa shayiri tu. Alikuwa ameketi kwenye kiti ambacho baba yake alikatazwa.

Baadaye mambo yakabadilika haraka. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, serikali yetu ilichukua hisa nyingi za viwanda vya bia nchini. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka na Kenya ukafungwa. Mwaka 1993 kampuni ya Afrika Kusini ikaingia ubia na serikali katika Tanzania Breweries. Katika mabadiliko hayo kila kanda ikapata bia yake ya kujivunia. Sisi wa Kanda ya Ziwa tukapata Balimi, na Msukuma haihitaji kamusi kuelewa: balimi ni wakulima. Kaskazini wakawa na Kibo Gold, ambayo wazee wa Moshi bado wanaitaja kama mtu anayemtaja mchumba wa zamani. Kila mzee ana bia yake ya ujana, na kila mmoja atakuapia kwamba ilikuwa rahisi na tamu kuliko zote.

Likizo iliyopita nilimsomea Babu habari za Hurst kutoka kwenye daftari langu. Alifurahi mno. Aliwaita wazee wenzake waje wasikie kwamba mjukuu wake, mwalimu mtarajiwa, amethibitisha. Siku ile sikulipa hata chai.

Jioni nikakaa jikoni na Bibi, ambaye huniita mume wake kama walivyo mabibi wote. Alikuwa na sinia mapajani, anachambua mchele. Nikamuuliza lilitoka wapi. Kwa miaka yote sikuwahi kuuliza. Nilidhani lilikuwepo tu, kama mwarobaini ulivyopo uani. Akaendelea kutoa mawe, akanisimulia bila kunitazama.

Ilikuwa miaka ya themanini. Ile habari ya bia rahisi tele, alisema, Babu amejitungia, maana miaka hiyo hata sabuni ilikuwa adimu, na bia ilipatikana kwa bahati. Siku moja makreti yalishushwa stesheni, na habari ikafika mitaani kabla ya makreti kufika baa. Babu alikuwa ametoka kulipwa pesa za pamba. Sehemu ya pesa hizo ilikuwa ada ya mama yangu, aliyekuwa amechaguliwa kuanza kidato cha kwanza. Babu aliingia baa jioni, akanywesha meza, kisha meza ya pili, kisha kila aliyeingia. Alfajiri mwenye baa, kwa shukrani, akampa sinia moja kuukuu, lililobaki tangu enzi za Jumuiya ile ya kwanza. Babu alirudi nyumbani nalo. Ndicho alichorudi nacho.

Mama hakwenda shule mwaka huo.

Bibi aliloweka mtama. Alipika pombe na kuiuza uani, kila wiki, chini ya mwarobaini uleule, huku akiwavumilia walevi wa watu wengine ili kufidia kosa la wa kwake. Mwaka uliofuata ada ilipatikana. Mama alimaliza kidato cha nne, akawa mwalimu wa shule ya msingi, na mimi nasoma ualimu kwa sababu nilikua nikimwona anasahihisha madaftari kwa taa ya chemli. Nikiuvuta uzi wote mpaka mwanzo wake, unaishia kwenye kimea cha Bibi.

Nilimuuliza kwa nini hakulitupa sinia. Alinijibu kwamba bati ni bati, na mchele lazima uchambuliwe. Akanikumbusha pia kwamba Babu hula wali ule kila siku na anajua umechambuliwa wapi.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilikuwa nimetumia wiki kadhaa kumtafuta George Hurst, mtu aliyekufa miaka mia moja iliyopita, nikafurahi kupata mwaka, mtaa na idadi ya kreti. Bibi yangu yuko hai, nimekula kwake maisha yangu yote, na sikuwa najua jambo hilo moja lililoamua kama mimi nitakuwepo chuoni au la. Hurst ana chupa inayotangaza kifo chake kila baa ikifunguliwa. Wanawake waliopika pombe Ngokolo, Kambarage, Ndala na kwingineko, wakasomesha nusu ya mji, hawana hata kizibo chenye jina lao.

Simchukii Babu. Hata Hurst simchukii. Alifanya kazi, akafa vibaya, jina likabaki. Na sisemi watu wasikumbuke bia za zamani. Nimeelewa sasa kwamba Babu anapolilia bia ya bei rahisi, kuna mambo mawili ndani yake: fahari ya kukaa kwenye kiti kile, na usiku mmoja ambao hawezi kuusimulia. Ndiyo maana husimulia wa mzungu na tembo. Ni hadithi ya kifo cha mtu mwingine.

Nasi wenyewe tujiangalie kidogo. Bumu likitoka, ile wiki ya kwanza, kuna meza hapa nje ya geti zinazonyweshwa mpaka mtu wa mwisho. Miaka thelathini ijayo tutawasimulia watoto wetu jinsi bia ilivyokuwa rahisi enzi zetu. Sijui nani atakuwa jikoni akichambua mchele na kuikumbuka hesabu nyingine.

Mwezi ujao naanza mazoezi ya kufundisha, somo la historia. Mada ya uchumi wa kikoloni nimeshaiandalia andalio la somo. Nitaanza na Ruaraka, kreti kumi na tembo, kwa sababu wanafunzi watapenda. Halafu nitawapa kazi ya nyumbani: kila mmoja akamuulize bibi yake alikuwa akiuza nini, na pesa ile ilikwenda wapi. Waandike mwaka na kiasi, kama tunavyoandika vya Hurst.

Ya kwangu nimeshaianza. Bibi amekubali kunifundisha kimea, kwa sharti kwamba kwanza nimalize kuchambua mchele.