Philip Henry Gosse

Philip Henry Gosse (Worcester, 6 Aprili 1810 – Torquay, 23 Agosti 1888) alikuwa mtaalamu wa viumbe hai, mchoraji na mwandishi kutoka Uingereza. Anajulikana hasa kwa kueneza ufugaji wa viumbe wa bahari katika matangi ya kioo, yaani akwaria.

Maisha ya awali

Baba yake alikuwa mchoraji wa picha ndogo za watu, aliyezunguka mji hadi mji akitafuta riziki. Gosse alikulia Poole, mji wa bandari kusini mwa Uingereza. Mwaka 1827 alikwenda Carbonear, katika kisiwa cha Newfoundland, kufanya kazi ya ukarani katika nyumba ya biashara. Huko alianza kujifunza habari za wadudu peke yake. Baadaye alilima Kanada, akafundisha shule Alabama nchini Marekani, na kuanzia 1844 hadi 1846 alikusanya ndege na viumbe wengine Jamaika. Mwaka 1848 alimwoa Emily Bowes, na mwaka uliofuata walimpata mtoto wao wa pekee, Edmund.

Akwaria

Gosse hakuwa wa kwanza. Tangu 1832 Jeanne Villepreux-Power, Mfaransa aliyeishi kisiwani Sisilia, alitumia matangi ya kioo kuchunguza viumbe wa bahari. Mwaka 1850 Robert Warington, mkemia wa London, alionyesha kwamba samaki, konokono na mimea wanaweza kutegemezana katika chombo kimoja cha maji yasiyo na chumvi.

Mwaka 1852 Gosse, ambaye afya yake ilikuwa dhaifu, alihamia kwa muda pwani ya Devon. Alifuga anemoni wa bahari pamoja na mwani, kwa kuwa mwani ukipata mwanga hutoa oksijeni ambayo wanyama huihitaji. Mwaka 1853 nyumba ya samaki ilifunguliwa katika bustani ya wanyama ya Regent's Park, London, na viumbe wengi wa bahari waliowekwa humo walitoka kwake. Mwaka 1854 alitoa kitabu The Aquarium, kilichopendwa sana na kulifanya jina hilo lizoeleke. Mwaka huohuo alieleza jinsi ya kutengeneza maji ya bahari kwa kuchanganya chumvi mbalimbali, hivyo hata wakazi wa mbali na pwani waliweza kufuga.

Tangi la wazi na tangi lenye kifuniko

Wafugaji wa wakati huo hawakuwa na pampu za umeme. Uhai wa tangi ulitegemea mwani pamoja na hewa iliyoingia kupitia uso wa maji, kwa hiyo swali la kufunika au kutofunika lilikuwa zito. Tangi la wazi hupata hewa kwa urahisi, lakini vumbi huingia, na katika London ya makaa ya mawe masizi pia. Zaidi ya hayo, maji hugeuka mvuke ilhali chumvi hubaki. Maji yakipungua, chumvi huzidi makali na wanyama huweza kufa. Dawa yake ni kuongeza maji yasiyo na chumvi mpaka kimo cha mwanzo. Anayeongeza maji ya bahari huzidisha tatizo.

Kifuniko hupunguza upotevu huo na kuwazuia kaa na konokono wasitoroke. Hata hivyo, kikibana sana huzuia hewa na kutunza joto, na kikichafuka hupunguza mwanga unaohitajiwa na mwani. Njia ya kati ilikuwa kuweka kipande cha kioo juu ya tangi, kikiwa kimeinuliwa kidogo ili hewa ipite.

Miaka ya baadaye

Mwaka 1856 Gosse alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society. Mwaka 1857 mkewe alifariki kwa saratani. Mwaka huohuo alichapisha Omphalos, kitabu kilichodai kwamba dunia iliumbwa ikiwa tayari na dalili za umri mkubwa. Wanasayansi walikikataa, na waumini wengi hawakukipokea. Alihamia St Marychurch, Devon, akakamilisha kazi yake kubwa kuhusu anemoni, Actinologia Britannica, mwaka 1860. Mwaka huo pia alimwoa Eliza Brightwen.

Mafanikio ya vitabu vyake yalileta madhara ambayo hakuyakusudia. Watu wengi walimiminika pwani kukusanya viumbe kwa ajili ya matangi yao, na vidimbwi vya miambani vilivyokuwa vimejaa uhai vikabaki vitupu. Wengi wa viumbe hao walikufa upesi mikononi mwa watu wasiojua kuwatunza. Edmund, aliyekuja kuwa mwandishi mashuhuri, alieleza katika Father and Son (1907) jinsi uharibifu huo ulivyomhuzunisha baba yake.

Gosse alifariki nyumbani kwake St Marychurch akiwa na umri wa miaka 78.