Hans Renold, mhandisi aliyegundua mahali mnyororo unapolika

Fundi akifungua motere inayogonga kila asubuhi na kukuta mnyororo wake wa ndani umelegea, husema umevutika. Kwa kweli chuma hakikuvutika kama mpira. Kimelika ndani ya viungo, mahali jicho lisipofika. Mtu aliyelitafutia dawa jambo hilo, hata kabla gari halijajulikana, ni Hans Renold, aliyezaliwa Aarau, inchini Uswisi, tarehe 31 Julai 1852.

Baada ya masomo ya ufundi mjini Zurich, kijana huyo alihamia Manchester, Uingereza, mwaka wa 1873. Muji huo ulikuwa umejaa viwanda vya nguo, na mashine za kufuma zilihitaji minyororo. Mwaka wa 1879 alinunua karakana ndogo ya James Slater, mtengenezaji wa minyororo huko Salford, karibu na Manchester.

Minyororo ya wakati ule ilikuwa na ugonjwa mmoja. Pini ya kila kiungo ilibeba mzigo juu ya ukingo mwembamba wa vibamba vya pembeni. Sehemu hiyo ndogo ililika haraka, matundu yakapanuka, na mnyororo ukalegea. Mwaka wa 1880 Renold aliweka bushi, yaani kibomba kifupi cha chuma, kati ya pini na rola. Tangu hapo mzigo ulienea kwenye upana wote wa kiungo. Mnyororo ukadumu zaidi, ukafaa baiskeli, na baadaye pikipiki na magari. Mwaka wa 1895 alileta mwingine, wenye vibamba vilivyochongwa meno, uliozunguka kwa sauti ndogo.

Aina zote mbili ziliingia ndani ya motere za magari. Humo mnyororo huunganisha shafti kuu inayozungushwa na pistoni na ile inayofungua valvu. Shafti ya valvu huzunguka mara moja kila shafti kuu inapozunguka mara mbili, na haitakiwi kuchelewa. Mnyororo wa viungo 120, kila kiungo kikilika milimita 0.05 tu, hurefuka milimita 6. Hapo valvu huchelewa kufunguka na kufungwa, na motere hupoteza nguvu. Mnyororo ukiruka meno, katika motere nyingi pistoni hugonga valvu, na hasara huwa kubwa.

Motere za mwendo mkali hutesa mnyororo zaidi. Springi zao za valvu ni ngumu na mizunguko yao ni mingi. Ndiyo sababu watengenezaji wengi walichukua mnyororo wa safu mbili. Motere ya XK ya Jaguar, iliyotoka mwaka wa 1948, ilizungusha shafti zake mbili za valvu kwa minyororo miwili ya namna hiyo, na magari yaliyoibeba yalishinda mashindano ya Le Mans mara tano kati ya 1951 na 1957.

Renold hakuishia kwenye chuma. Mwaka wa 1896 alipunguza kazi ya kiwanda chake hadi saa 48 kwa juma, wakati wafanyakazi wengi wa Uingereza walikuwa wakifanya kazi saa nyingi kuliko hizo. Baadaye alifuata pia mafundisho ya Mmarekani Frederick Taylor kuhusu kupanga kazi kwa vipimo, na mwanawe Charles alishika uongozi nyuma yake. Mwaka wa 1930 kampuni iliungana na mshindani wake wa Coventry. Renold alifariki mwaka wa 1943, akiwa na miaka 90.

Leo mwenye gari anayenunua mnyororo mpya usio wa kampuni iliyounda gari lake hukutana na swali lile lile la Salford. Vibamba vinaweza kung'aa, lakini uhai wa mnyororo umo ndani, kwenye ugumu wa pini na kwenye bushi iliyo duara kamili. Bushi iliyopinda hukutana na pini kwenye sehemu ndogo, na ugonjwa wa kabla ya 1880 hurudi. Mafuta machafu nayo husaga viungo hivyo kama mchanga.

Kifaa cha kukaza mnyororo hakiponyi uchakavu. Hunyamazisha kelele upande uliolegea, lakini upande unaovuta hubaki mrefu na valvu hubaki zimechelewa. Mnyororo mpya ukiwekwa juu ya magurudumu yenye meno yaliyochongoka nao hulika upesi. Ndiyo maana vyote hubadilishwa pamoja: mnyororo, magurudumu ya meno, kikazio na vipande vinavyouongoza.

Kabla ya kufunga motere, fundi makini hulaza mnyororo wa zamani kando ya mpya juu ya meza na kuulinganisha kiungo kwa kiungo. Zile milimita zinazozidi mwishoni ndizo chuma kilichopotea kati ya pini na bushi, pale pale Renold alipoweka mkono wake mwaka wa 1880.